Safu ya Lugha: Mtandao na intaneti

Katoro, mkoani Geita, mteja akikwama kutoa pesa kwa wakala huambiwa "mtandao unasumbua", naye huondoka akilaumu intaneti. Si sahihi. Menyu ile ya nyota na reli haihitaji intaneti hata kidogo. Kiswaswadu huifungua bila bando. Kinachosumbua hapo ni mtandao wa simu au mfumo wa malipo.

Mtandao umetokana na kutandaa, yaani kuenea. Tuna mtandao wa barabara, na wa mabomba yanayoleta maji ya Ziwa Victoria hadi Shinyanga na Kahama. Intaneti, neno la mkopo, ni jina la kitu kimoja: mitandao mingi, kila mmoja na mwenyewe, iliyokubali kuunganishwa. Tovuti ni mahali tu ndani yake.

Na makubaliano hayo hayaji yenyewe. Mwaka 2016 wataalamu kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kwenye AfPIF, kongamano la Afrika la kuunganisha mitandao, wakajadili namna mitandao yao itakavyobadilishana data hapahapa barani. Pasipo kituo cha mabadilishano kilicho karibu, ujumbe wa Kahama kwenda Geita, ukitoka kampuni moja kwenda nyingine, unaweza kuzungukia Ulaya. Kuliita lile "kongamano la mtandao" ni kulipunja. Lilikuwa la mitandao.

Watangazaji wa redio zetu za Shinyanga na Geita, nawaomba: simu zikigoma, semeni "mtandao wa simu". Intaneti itajeni inapohusika.