Namna ya kutambua uchakavu wa ekseli ya mbele kwa magari yaliyoshushwa, Kasulu na Kibondo

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, gari dogo hushuka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya makusudi, pale mmiliki anapokata springi au kufunga fupi kwa ajili ya urembo. Ya pili huja polepole: gari la abiria, maarufu kama mchomoko, hupakia watu wawili katika kiti kimoja cha mbele, safari baada ya safari, hadi springi zinalegea. Kwa vyovyote vile, ekseli ya mbele huumia kwa namna moja.

Magari mengi ya aina hiyo, yakiwemo Toyota Probox na IST, huvutwa na magurudumu ya mbele. Nguvu hutoka kwenye giaboksi na kufika gurudumuni kupitia shafti mbili, na kila shafti ina jointi mbili zinazoiwezesha kujikunja bila kuacha kuzunguka. Kimo kinapopungua, jointi hizo hufanya kazi katika pembe zisizokusudiwa, boli jointi hujipinda muda wote, na magurudumu huinamia ndani kwa juu. Ndiyo maana upande wa ndani wa tairi ndio huisha kwanza, sehemu ambayo dereva haioni asipoinama au kukata usukani.

Katika eneo hili adui mkubwa ni vumbi jekundu. Raba inayofunika jointi ikipasuka, grisi huruka na kuchafua upande wa ndani wa rimu, na vumbi linaloingia huchanganyika na grisi iliyobaki kuwa kama msasa. Wakati wa masika hufuata maji na tope. Raba iliyopasuka ikigunduliwa mapema hubadilishwa peke yake. Ikiachwa, jointi yote hununuliwa upya.

Kila sehemu iliyochakaa ina sauti yake. Mlio wa "tak tak tak" gari linapokata kona kali kwa mwendo mdogo huashiria jointi ya nje, na mara nyingi ni ya gurudumu lililo nje ya kona. Mtetemo unaotokea dereva anapokanyaga mafuta na kupungua anapoachia huelekeza kwenye jointi ya ndani. Mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika gari linapoegemea upande mmoja, kwa kawaida ni beringi. Si nadra beringi kubadilishwa bure kwa sababu hakuna aliyesikiliza vizuri.

Uhakika hupatikana gari likiinuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara. Gurudumu hushikwa juu na chini, kisha kutikiswa. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki: mchezo ukitoweka, kosa liko kwenye beringi, ukibaki, boli jointi ndiyo ya kushukiwa. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia tu, zikaguliwe tairodi. Boli jointi haipaswi kuahirishwa hata siku moja, kwani ikichomoka gurudumu hulala na usukani haumsaidii tena dereva.

Ujenzi wa lami katika barabara ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa takribani kilomita 260, umeleta nafuu kubwa, ila pia umeficha baadhi ya dalili. Gari lililokuwa likigonga kwa kilomita 30 kwa saa kwenye changarawe hunyamaza kwenye lami, na dereva huongeza mwendo akiwa na sehemu ile ile iliyolegea. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari liwe katika hali nzuri linapotumika barabarani. Ukimya wa gari si ushahidi wa hali hiyo.

Kufunga jointi mpya kwenye gari ambalo bado limeshuka ni kupoteza fedha. Kwanza zirudishwe springi za kimo cha kiwandani, zikiwa jozi, kushoto na kulia. Kuinua gari kupita kiasi ili kukwepa mashimo nako si tiba, kwa kuwa shafti hupinda kuelekea upande mwingine. Baada ya matengenezo, mwelekeo wa magurudumu upimwe kwa mashine, na pale ambapo mashine iko mbali, upande wa ndani wa tairi za mbele ukaguliwe kila wiki hadi gari lifikishwe huko.