Daftari la majina yetu linalala wapi? Historia fupi ya mikutano ya watunga programu na safari ya kwenda «winguni»

Leo tunaacha kidogo habari za mapigano. Tunazungumza habari za daftari.

Mtu akikimbia vita usiku hachagui vingi. Anashika watoto, anashika sufuria, anashika simu kama haijaanguka njiani. Daftari la madeni la dukani linabaki. La ubatizo parokiani, la wanafunzi shuleni, la wagonjwa kwenye kituo cha afya, yote yanabaki, na mara nyingi yanaungua. Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho. Mama aliyepoteza simu Masisi au Rutshuru anafika Goma, anapata laini mpya yenye namba yake ileile, anakwenda kwenye kabine, na pesa yake bado ipo. Nyumba imeungua, pesa haikuungua.

Ilikuwa wapi? Na ni nani walioketi wakapanga ilale huko? Kujibu maswali hayo lazima tufuate historia ya vijana wa kompyuta, wale watunga programu, na mikutano yao. Historia hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mara moja walichora ramani kwa ajili ya Kivu yetu yenyewe.

Orodha zisizosomana

Tuanzie mbali kidogo. Mwisho wa Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani, na mji wa New Orleans ukajaa maji. Familia zilitawanyika katika majimbo mengi. Watu wema wakafungua kurasa za intaneti za kuandika majina ya waliopotea. Shida ikatoka hapohapo: kurasa zilikuwa nyingi mno. Mama anaandika jina la mtoto kwenye ukurasa huu, mtoto ameandikwa kwenye ukurasa ule, na hawakutani. Ninyi mlioko kambini mnaijua hali hiyo. Kambi mbili, orodha mbili, na hakuna anayezilinganisha.

Watunga programu wa kujitolea wakakubaliana namna moja ya kuandika habari za mtu aliyepotea, ili orodha moja iweze kusoma nyingine. Watu wengi wakaketi kunakili majina kwa mkono, jina kwa jina. Ilikuwa kazi ya uvumilivu, na ilifungua njia. Miaka mitano baadaye utaratibu ule wa kuandika majina ulitumika tena Haiti, kama tutakavyoona.

Nairobi, Januari 2008

Sasa tusogee karibu na kwetu. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa, vurugu zikaanza, na serikali ikakataza matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mwanasheria Mkenya, Ory Okolloh, alikuwa anaandika habari hizo kwenye blogu yake. Tarehe 3 Januari 2008 aliuliza kama kuna watu wa kompyuta wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali vurugu zinapotokea.

Waliitika. Miongoni mwao walikuwa Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich. Hawakuwa kwenye chumba kimoja, wala wote hawakuwa Kenya. Walikutana kwa barua pepe na simu, na kwa siku chache tu ramani ikawa tayari. Wakaiita Ushahidi. Mwananchi aliweza kuandika yaliyotokea kwake kwenye intaneti au kwa ujumbe wa simu, na habari ikawekwa kwenye ramani.

Ilifanikiwa kwa sababu aliyeuliza swali alikuwa mtu aliyeguswa. Ory Okolloh alijua kinachofichwa, alijua watu wanahofu nini, na alijua wana simu za aina gani. Watunga programu walileta ufundi wao, lakini swali lilitoka kwa wenye msiba.

Ramani ya Kivu

Mwaka huohuo moto ukawaka kwetu. Kuanzia Agosti hadi Novemba 2008 watu zaidi ya 250,000 walikimbia makwao katika Kivu ya Kaskazini. Watu wa Rutshuru hawajasahau yaliyotokea Kiwanja mwanzoni mwa Novemba. Mwezi huo Ushahidi ilifungua ramani ya mashariki mwa Congo.

Ni wangapi kati yenu mliisikia wakati ule? Wachache sana, kama wapo. Ramani hiyo haikupata nguvu kama ile ya Kenya. Nia ilikuwa njema na programu ilikuwa imeboreshwa. Lakini mwaka 2008 nchini mwetu hata mtu 1 kati ya 100 hakuwa anatumia intaneti. Vijiji vingi havikuwa na mtandao wa simu kabisa. Na mtu aliyejificha porini, simu yake ikiwa na chaji kidogo, hatumi habari za wauaji kwenye namba asiyoijua, maana hajui ni nani atakayesoma.

Naona hapo ndipo fundisho kubwa lilipo kwetu. Programu iliyozaliwa kwa swali la Nairobi haikutosha kujibu swali la Kiwanja. Ilihitajika redio, ilihitajika lugha ya mahali, ilihitajika watu ambao wananchi wanawaamini.

Mikutano inaanza

Baada ya hapo watunga programu walianza kutafuta mahali pa kuketi pamoja. Novemba 2009, huko Mountain View, California, Google, Microsoft, Yahoo, NASA na Benki ya Dunia waliitisha mkutano wa siku chache. Vijana walipewa matatizo ya watu waliopatwa na maafa, wakatengeneza programu mchana na usiku. Iliyopewa ushindi ilikuwa programu ndogo ya simu ya kuwaambia ndugu zako jambo moja tu: mimi ni mzima. Aliyewahi kusubiri habari za ndugu yake kwa wiki nzima anaelewa uzito wa maneno hayo.

Machi 2010, kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, nyumba iitwayo iHub ilifungua milango. Watunga programu walipata meza, intaneti na wenzao wa kuwauliza. Juni mwaka huohuo mikutano ya namna ile ya California ilifanyika kwa wakati mmoja katika miji kadhaa ya dunia, na Nairobi ikiwemo.

Kati ya mambo hayo likaja tetemeko la Haiti, tarehe 12 Januari 2010. Ikulu ilianguka, na majengo mengi ya wizara yakaanguka pamoja na madaftari yake. Siku nne baadaye watu wa kujitolea walikutana Washington na miji mingine kuchora ramani na kuunda programu. Ikafunguliwa namba fupi, 4636, ya kupokea ujumbe wa simu wa walionasa au wenye njaa. Ujumbe ulikuja kwa Kikrioli, lugha ambayo wafadhili wengi hawakuijua. Waliousoma na kuutafsiri ni Wahaiti wenyewe, wengi wao wakiwa wanaishi nchi za nje. Bila wao ile namba ingepokea ujumbe ambao hakuna anayeuelewa.

Na ule utaratibu wa majina uliozaliwa wakati wa Katrina ukarudi kazini. Google ilifungua ukurasa wa kutafuta waliopotea, unaoitwa Person Finder, na orodha mbalimbali zikaanza kusomana.

Wingu ni nini?

Ukurasa huo haukuwekwa kwenye kompyuta ya ofisi fulani. Uliwekwa winguni. Tusidanganywe na jina, wingu haliko angani. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta zinazoitwa seva, yenye umeme na baridi saa zote. Amazon ilianza kukodisha kompyuta zake kwa njia hiyo mwaka 2006, na Google ikafungua huduma ya namna hiyo mwaka 2008. Unalipa unachotumia, kama mtu anayekodi nafasi kwenye ghala la mwenzake badala ya kujenga la kwake. Wateja wakiwa kumi, sawa. Wakiwa laki moja kwa siku moja, ghala linapanuka.

Tangu hapo mazungumzo ya mikutano yakabadilika. Zamani waliulizana: tutengeneze programu gani? Sasa wanaulizana pia: kumbukumbu zetu zilizo kwenye kompyuta ya ofisi tutazihamishaje kwenda winguni bila kupoteza hata jina moja? Wanatumia neno lilelile letu, kuhama. Na mafundi wazuri wanahama kama familia yenye akili: wanahesabu vitu kabla ya kuondoka, wanabeba kidogo kidogo, hawafungi nyumba ya zamani mpaka ile mpya imejaribiwa, na mwisho wanahesabu tena.

Mara nyingine kuhama ni kurudi nyumbani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Vodacom ikaileta Congo mwaka 2012. Kwa miaka mingi seva za M-Pesa ya Kenya zilikuwa Ujerumani. Mtu wa Kisumu akimtumia jirani yake pesa, hesabu ilisafiri hadi Ulaya na kurudi. Aprili 2015 seva hizo zilihamishiwa Kenya. Wingu nalo likasogea Afrika: Microsoft ilifungua vituo Afrika Kusini mwaka 2019, na Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020.

Basi yule mama wa Masisi amepata jibu. Pesa yake ni maandishi kwenye seva za kampuni ya simu, mbali na moto. Simu iliyoanguka ilikuwa ufunguo tu. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na benki zikafunga milango, familia nyingi zilikula kwa sababu ya maandishi hayo, hata kama noti zilikuwa haba kwenye kabine.

Njia ikikatika, mwizi akiingia

Lakini tusiimbe sifa tupu. Kitu kilichowekwa mbali kinahitaji njia ya kukifikia. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini mwetu kwa karibu siku 20. Aliyekuwa na kumbukumbu zake winguni hakuziona. Na tarehe 6 Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, kwenye bonde refu linaloendelea kutoka mdomo wa Mto Congo, ukakata nyaya mbili kubwa za intaneti, WACS na SAT-3. Nchi nyingi ziliumia kwa wiki kadhaa.

Hatari nyingine ni wizi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zake zilizohifadhiwa Uswisi. Walifikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita, kuhama na maafa. Ni orodha kama zile mnazoandikishwa ninyi. Kazi ya kuunganisha familia ilibidi isimamishe mitambo yake kwa muda. Daftari la karatasi likiibwa, linaibwa moja. Lililo kwenye seva linaweza kuibwa lote kwa usiku mmoja, na mwenye jina asijue.

Swali la kuuliza

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akija kambini na simu kubwa mkononi akisema anaandika majina, muulizeni kwa heshima: majina haya yanakwenda kulala wapi? Nani atayasoma? Nikihama tena, nitayapataje? Si utovu wa adabu kuuliza. Hayo ndiyo maswali ambayo watunga programu wenyewe wanaulizana.

Na kwetu sisi, namba ya siri tusimpe mtu, hata mwenye kabine tunayemzoea. Namba tatu au nne za ndugu tuzikariri, tuwafundishe watoto kuzikariri, na tuziandike kwenye kipande cha karatasi ndani ya nguo. Wingu likikosekana, kichwa cha mtoto kinaweza kuikutanisha familia.

Ninyi vijana wa Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi mnaosoma kompyuta na kuitisha mikutano yenu, historia hii inawaomba jambo moja. Siku mtakapopanga viti, wekeni kimoja cha mama wa kabine, na kimoja cha mhami aliyetoka kambini asubuhi hiyo. Mpeni nafasi aseme kwanza, kabla ya kompyuta kufunguliwa. Ramani ya 2008 ilikuja kwetu bila sisi kuulizwa, ikaondoka bila wengi wetu kuijua. Inayofuata ianze na swali letu.