Msongamano wa Watalii: Kupima Kabla Umati Haujafika Singida

Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 2.1 kutoka nje mwaka 2024. Mwaka 2020, wakati wa korona, hawakufika hata laki saba. Takwimu hizi husomwa bungeni na magazetini, na ni za kufurahisha, lakini kuhusu msongamano hazitwambii lolote. Msongamano hutokea mahali fulani, saa fulani. Julai 2025 video zilienea zikionyesha watalii walioshuka kwenye magari huko Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, na kuwazibia nyumbu njia ya kuvuka mto Mara. Msongamano huo ulikuwa wa kivuko hicho, si wa hifadhi nzima.

Ndiyo maana anayepima msongamano huanza na swali dogo kuliko la mwaka mzima: ni watu wangapi wako hapa kwa wakati mmoja, na wanakaa kwa muda gani? Daftari la getini hueleza walioingia. Ili kujua walijazana wapi, lazima mtu asimame penye mvuto wenyewe, ahesabu kila robo saa, siku za kawaida na za sikukuu, masika na kiangazi.

Wazo la kwamba kila eneo lina kikomo cha kubeba wageni lilitoka kwa wafugaji, waliojua malisho fulani yanatosha ng'ombe wangapi. J. Alan Wagar alilipeleka kwenye mapumziko ya porini mwaka 1964 huko Marekani. Mwaka 1992 Miguel Cifuentes akaliwekea hesabu yenye ngazi tatu, ambayo inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Tuseme kando ya Ziwa Singidani, mjini Singida, kuna njia ya mita 200 ya kutazama ndege. Kundi la watu kumi linachukua mita kumi, na tunataka nafasi ya mita 50 hadi kundi linalofuata. Hapo makundi matatu yanaenea, yaani watu 30 kwa mara moja. Kila kundi likikaa saa moja, na saa nzuri zikiwa sita kwa siku, tunapata watu 180. Hiyo ni ngazi ya kwanza, ya nafasi tupu. Ya pili hupunguza siku za tope na za ndege kutulia. Ya tatu huuliza waongozaji wako wangapi. Akiwapo mmoja tu, hupita kundi moja kwa saa, na 180 inashuka hadi 60 hata kabla ya kupunguza siku za tope. Kwa maoni yangu, hii ya mwisho ndiyo ngazi muhimu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi.

Hata hivyo hesabu hiyo ina udhaifu: watu 60 wapole hudhuru kidogo kuliko watano wanaokimbiza ndege wapate picha. Watafiti wa misitu wa Marekani walipendekeza mwaka 1985 kwamba badala ya kuhesabu vichwa, tukubaliane kwanza ni mabadiliko gani tunaweza kuyavumilia, kisha tuyafuatilie.

Singida ina kipimo cha mabadiliko ya namna hiyo mbele ya macho yake. Mji huo una Singidani na Kindai, maziwa ya maji ya chumvi yenye mawe makubwa ya graniti kandokando, na heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo, huja kula. Ukimkaribia heroe polepole utaona ngazi zake za hofu. Kwanza anainua kichwa kutoka majini na kuacha kula. Kisha kundi zima linageuka na kutembea kuelekea kwenye kina. Ukizidi, wanakimbia juu ya maji na kuruka. Mpimaji anaandika umbali wa kila ngazi kwa mita. Umbali wa kichwa kuinuka ndio mpaka halisi, kwani anayeacha kula amekwisha kusumbuliwa hata kama bado hajaruka.

Katika kusimamia wageni, Afrika Mashariki ina mifano ya kutosha. Katika Hifadhi ya Mahale, Tanzania, watu sita tu huruhusiwa kukaa na sokwe kwa wakati mmoja, kwa saa moja, wakiwa wamevaa barakoa. Bwindi, Uganda, ni wageni wanane kwa familia moja ya gorila kwa siku. Katika njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro kikomo ni kitanda: vibanda vya Kibo hulaza watu wapatao 60, basi anayekosa nafasi hubadilisha tarehe. Maasai Mara, Kenya, kuna kanuni ya magari matano tu kwa mnyama mmoja. Kanuni nzuri, lakini huvunjika pale askari asipokuwepo na dereva anapotarajia bakshishi. Mahale inafanikiwa kwa kuwa hakuna anayewafikia sokwe bila mwongozaji.

Michoro ya miambani inahitaji uangalifu wa namna yake. Ile ya Kondoa, jirani na Singida, iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Singida nayo ina yake huko Iramba na Isanzu. Hapa hata mgeni mmoja ni wengi iwapo atamwagia maji mchoro ili rangi ing'ae. Vumbi la miguu hupanda ukutani, jasho la mkono hubaki. Panapotumika bado kwa matambiko, wenye mahali wana haki ya siku zao, na mgeni asubiri.

Singida bado haina foleni ya magari ya watalii, na hiyo ndiyo nafasi yake. Athari ya umati haiwezi kupimwa bila kujua hali ilivyokuwa kabla. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika kila Januari. Mwalimu na wanafunzi wake wenye darubini moja wanaweza kuongeza hesabu zao za kila mwezi. Waandike pia kina cha maji, maana ziwa likinywea ndege huhama wenyewe, na bila rekodi hiyo mtalii atalaumiwa kwa kosa la kiangazi. Na wawaulize wavuvi kuhusu ndege hao, kwani huenda heroe wamewazoea kuliko mtu mwingine yeyote.