Nchi ya Ndoto ya Mwendesha Baiskeli: Uholanzi Kabla Haijawa Uholanzi

Mwezi uliopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa halmashauri, kuniomba barua ya utambulisho. Anataka kuhama nchi. Barua za namna hiyo nimeandika nyingi, na sababu zake nazijua: mshahara, masomo ya juu, wakati mwingine mchumba. Huyu alikuwa na sababu ambayo sikuwahi kuisikia. "Mwalimu," aliniambia, "ninataka nchi ambayo ninaweza kwenda kazini kwa baiskeli kila siku na kurudi nyumbani mzima." Alikwisha zilinganisha Denmark, Ujerumani na Uholanzi, akaichagua Uholanzi. Katika simu yake alikuwa na picha za njia pana zenye rangi nyekundu, na za kina mama waliowapakia watoto wawili wawili mbele ya baiskeli.

Nilimuuliza kama anajua njia zile zilitoka wapi. Alicheka. "Wale wamezaliwa na baiskeli, Mwalimu."

Jibu lile lina ukweli nusu. Uholanzi ni nchi ndogo, ardhi yake ni tambarare, na miji yake ya kale ilijengwa kwa kubanana, hata mtu hufika sokoni, shuleni na kazini kwa mwendo mfupi. Mwanzoni mwa karne ya ishirini baiskeli ilikwisha kuwa chombo cha watu wa kila tabaka. Serikali nayo iliona hapo pa kuchuma: mwaka 1924 ilianzisha kodi ya baiskeli, na kila mwenye chombo akatakiwa kubeba kibati cha shaba kuthibitisha kwamba amelipa. Wasio na kazi walipewa kibati cha bure, lakini kilitobolewa tundu, kila apitaye akajua kwamba huyu ni fukara. Sehemu ya mapato ya kodi hiyo iliingia katika mfuko wa kujenga barabara kuu, barabara ambazo magari ndiyo yaliyozifaidi. Wasomaji wa umri wangu wanaokumbuka leseni za baiskeli za huku kwetu hawatastaajabu. Kodi ile ilifutwa mwaka 1941, wakati nchi iko chini ya Wajerumani, na mwaka uliofuata Wajerumani haohao wakaanza kuwanyang'anya watu baiskeli zenyewe. Kwa miaka mingi baadaye, Waholanzi walipokutana na Wajerumani katika mpira wa miguu, mzaha wao ulikuwa kudai baiskeli za babu zao.

Nusu ya pili ya ukweli, ambayo haimo katika picha za simu, ni kwamba baada ya vita Waholanzi waliamua kuachana na baiskeli. Uchumi ulikua, mishahara ikapanda, na gari likawa alama ya mtu aliyeendelea. Wataalamu wa mipango miji walichora miji mipya ambamo baiskeli haikupewa nafasi, kwa kuwa waliamini itatoweka yenyewe. Mwaka 1954 mkuu wa polisi wa Amsterdam, Kaasjager, alipendekeza baadhi ya mifereji ya jiji lile ifukiwe ili magari yapate njia. Mwaka 1967 mtaalamu kutoka Marekani, David Jokinen, alitoa mpango uliodhaminiwa na watetezi wa magari: sehemu za mitaa ya wafanyakazi zibomolewe, na barabara kubwa iingie hadi kitovu cha jiji. Amsterdam iliponea chupuchupu. Utrecht haikupona: sehemu ya mfereji wake wa kale ilikaushwa ikageuzwa barabara ya magari, na maji hayakurejea kikamilifu hadi mwaka 2020, baada ya wananchi kupiga kura na miaka mingi ya ujenzi.

Gharama ya uamuzi ule ilihesabiwa kwa maiti. Mwaka 1971 pekee zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mmoja wa watoto hao alikuwa binti wa mwandishi wa habari Vic Langenhoff. Mwaka 1972 Langenhoff aliandika katika gazeti la De Tijd makala ambayo kichwa chake kilisema wazi: komesheni mauaji ya watoto. Kichwa hicho hakikutumia neno "ajali". Wazazi wengine walilichukua jina hilo wakaliita vuguvugu lao, *Stop de Kindermoord*, likaongozwa na kijana mmoja wa kike, Maartje van Putten, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya. Walifunga mitaa kwa meza za chakula, wakawapeleka watoto mbele ya wanasiasa, wakaendesha baiskeli kwa makundi hadi kwenye milango ya watawala. Katika mtaa wa De Pijp, Amsterdam, watoto wenyewe walidai barabara yao wapate pa kuchezea.

Huenda yote hayo yangebaki kelele, lau si bahati mbaya iliyogeuka kuwa bahati njema. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliinyima Uholanzi mafuta kwa sababu ya kuiunga mkono Israeli vitani. Serikali ya Waziri Mkuu Joop den Uyl ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, kuanzia tarehe 4 Novemba hadi mwanzoni mwa Januari 1974. Watu walitembea juu ya barabara kuu na watoto wakateleza kwa viatu vya magurudumu mahali walipozoea kuona malori. Kwa wiki kadhaa taifa zima liliona kwa macho jambo ambalo wanaharakati walikuwa wakilieleza kwa maneno.

Mwaka 1975 waendesha baiskeli walianzisha chama chao cha kitaifa. Mwaka 1976 sheria ikatambua mitaa ya makazi ambamo gari sharti lijongee kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, wazo lililozaliwa Delft. Lakini mfano ninaopenda kuwafundishia watumishi wa umma ni wa Groningen. Diwani mmoja kijana, Max van den Berg, aliyesimamia mipango ya mji, alipitisha mpango wa kuigawa katikati ya mji sehemu nne. Gari liliruhusiwa kuingia katika sehemu yoyote, ila halikuweza kuvuka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Dereva alilazimika kutoka nje hadi barabara ya mzunguko kisha aingie upya. Baiskeli ilipita moja kwa moja. Wenye maduka walighadhibika, wakatabiri kufilisika. Mpango ulitekelezwa Septemba 1977, kwa usiku mmoja: alama za barabarani zikageuzwa, na watu walipoamka waliukuta mji mwingine. Haukuhitaji madaraja wala mkopo mkubwa. Ulihitaji mtu aliye tayari kutukanwa kwa miaka kadhaa.

Leo nchi ile ina baiskeli nyingi kuliko watu, na chini ya kituo cha treni cha Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500. Nilimwonya mwanafunzi wangu, hata hivyo, kwamba asitarajie pepo. Mwaka 2022 waendesha baiskeli 291 walikufa huko, wengi wao wazee, baadhi yao juu ya baiskeli za umeme. Tena wahamiaji na watoto wao huendesha kidogo kuliko wenyeji. Kwa miongo kadhaa vituo vya mitaa vimekuwa vikifundisha kina mama kutoka Moroko, Uturuki na Suriname kuendesha, na wapo wanaoiona baiskeli kama alama ya umaskini waliousafiria mbali kuukimbia. Na mlango wenyewe ni mwembamba: mwajiri aliyeidhinishwa, kima cha mshahara kilichowekwa kisheria, na kwa wengi wanaofuata wenzi wao, mtihani wa lugha kabla hata ya kupanda ndege.

Alisikiliza yote, kisha akanijibu kwa swali ambalo bado linanisumbua. "Mwalimu, wale wazazi walisubiri miaka mingapi?" Nilimwambia kwamba kutoka makala ya 1972 hadi Groningen ni mitano, na hadi nchi nzima kubadilika ni zaidi ya ishirini. "Mimi nina miaka thelathini na moja," alisema. "Njia ya baiskeli ninayopita kila siku imejaa bodaboda na meza za wauza matunda, na siwezi kuwalaumu, kwa kuwa nao hawakupangiwa pa kukaa. Wiki iliyopita basi dogo lilinisukumia mtaroni. Nikisubiri ishirini nitafika?"

Sikuwa na haki ya kumwambia abaki. Ni rahisi kwangu, ninayekuja kazini kwa gari, kumhubiria mwenzangu subira. Nilichomwambia ni kwamba yumo ndani ya halmashauri, katika idara inayochora barabara, na kwamba diwani yule wa Groningen, usiku ule wa Septemba 1977, alikuwa na umri wa miaka 31 vilevile.

Alinyamaza kidogo, akaniomba nimtafutie ramani ya zile sehemu nne. Barua nilimwandikia pia, nikatia sahihi na muhuri. Nilipomsindikiza nikaikuta baiskeli yake imeegemezwa ukutani nje ya mlango wangu, ghorofa ya pili. Alikuwa ameipandisha kwa ngazi begani, kwa sababu chini, kwenye uwanja wa maegesho ya chuo, hakukuwa na hata chuma kimoja cha kuifungia.