Wekundu Chini ya Mkeka

Katika maduka ya Nairobi siku hizi kuna bidhaa inayoitwa mkeka wa mbao. Haijasukwa kwa ukindu na haina hata kipande kimoja cha mbao. Ni plastiki inayouzwa kwa mita, iliyochapishwa picha ya mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu, pamoja na vifundo na mishipa yake. Huviringishwa, hubebwa begani mpaka Jericho, Maringo au Kayole, hutandikwa, na kabla ya jua kutua sebule imepata sura ya nyumba za upande mwingine wa mji. Kwa wengi wanaoutandika, chini yake kuna sakafu ya saruji iliyokuwa nyekundu. Swali la kuipaka rangi upya, kuiwekea taili au kuifunika tu linazungumzwa katika nyumba nyingi za Eastlands, mitaa ya mashariki ya mji, na kila jibu linagusa historia ambayo imekuwa ikisuguliwa kwa magoti tangu zama za ukoloni.

Mbao ilikuwa ya reli. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, na nyumba za mwanzo za maofisa zilikuwa za mbao na mabati, zimeinuliwa juu ya nguzo ili hewa ipite chini na mchwa wasizifikie kirahisi. Waliopiga magoti kuzing'arisha sakafu za Wazungu walikuwa watumishi wa Kiafrika. Si ajabu kwamba ujuzi wa nta, kitambaa na goti ulishuka nao mpaka mitaa ya mashariki walikolala.

Hata lugha imeihifadhi mbao. Mkenya akitaka kuosha sakafu, hupiga deki. Deki ni sakafu ya meli, ile ya mbao inayomwagiwa maji na kusuguliwa na mabaharia, na neno hilo limesafiri kutoka melini mpaka likatua juu ya saruji ya Makadara. Neno sakafu nalo lina safari yake: katika nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, kusakifu ni kulaza boriti za mikoko, kupanga mawe juu yake, kumwaga chokaa na kuipondaponda mpaka ishikane. Dari ya huyu ilikuwa sakafu ya yule.

Sakafu ya mji ikawa pia suala la maradhi. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na wakuu wa Nairobi wakaliteketeza. Ugonjwa ulirudi tena na tena, na mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson, bingwa wa tauni, kuchunguza afya ya miji. Akapendekeza wakazi watenganishwe kwa rangi za ngozi. Ramani ya Nairobi bado inabeba alama ya fikra hiyo: vilima vya udongo mwekundu magharibi vilitengewa Wazungu, na tambarare ya udongo mweusi mashariki ikaachiwa Waafrika.

Mtaa wa Pumwani, upande huo wa mashariki, ulipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Manispaa ilitoa viwanja, watu wakajijengea nyumba za fito na udongo zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zikaezekwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Chini palikuwa udongo ulioshindiliwa. Panya aliuchimba, na vumbi lake lilikuwa kitalu cha funza, yule mdudu aliyeingia pwani ya Angola mwaka 1872 na kufika Afrika Mashariki kabla karne haijaisha. Mayai ya funza huanguliwa na kukua katika vumbi, kisha mdudu aliyekomaa huingia ukuchani. Mama aliyefagia chumba chake Pumwani baada ya kunyunyiza maji alikuwa anapigana na vumbi hilo kwa silaha aliyokuwa nayo. Kwa familia kama yake saruji haikuwa pambo hata kidogo. Ilikuwa dawa.

Saruji ilifika kwa awamu. Kampuni ya East African Portland Cement iliandikishwa nchini mwaka 1933 na kuanza kazi Eneo la Viwanda la Nairobi. Kiwanda chake cha Athi River kilizinduliwa mwaka 1958. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo sehemu kubwa ya Eastlands ya manispaa ilipojengwa. Pangani ya zamani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wakasukumwa Shauri Moyo, jina ambalo husimuliwa kuwa lilitokana na uamuzi mchungu walioachiwa watu hao mioyoni mwao. Kaloleni ikafuata miaka ya 1940, na mateka wa vita wa Kiitaliano walitumiwa katika ujenzi wake. Baada ya ripoti ya Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 kusisitiza kwamba mfanyakazi wa Kiafrika alipwe mshahara unaoweza kulea familia mjini, haja ya nyumba za familia ilizidi kuonekana. Mitaa miwili ya zama hizo, Mbotela na Ofafa, ilipewa majina ya viongozi wa Kiafrika waliouawa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni: Tom Mbotela mwaka 1952 na diwani Ambrose Ofafa mwaka 1953.

Sakafu nyekundu ina kazi yake, na fundi mzuri hujulikana hapo. Kwanza humwaga zege, kisha tabaka la mchanga na saruji, na kulisawazisha kwa ubao mrefu. Tabaka hilo likiwa bado bichi lakini halibonyei tena kirahisi, huchukua saruji tupu aliyoichanganya na unga wa redoksaidi na kupiga niru: anapaka na kuvuta mwiko wa chuma, anavuta tena, akirudi nyuma kinyumenyume kuelekea mlangoni, mpaka uso ung'ae kama ngozi iliyopakwa mafuta. Akiwahi sana, maji hupanda juu na rangi hutoka mabaka. Akichelewa, niru haishiki, na baada ya miezi hubanduka kama maganda. Kisha sakafu hufunikwa magunia na kumwagiwa maji kwa siku kadhaa, na watoto wa jirani hukatazwa kupita. Unga wenyewe ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu. Jua haliufifishi. Kinachofifia ni ule uso wa juu unaolika kwa nyayo, viti vinavyoburutwa na jiko la makaa linalotuliwa palepale kila siku.

Ndiyo maana ikaja polishi nyekundu ya kopo. Vizazi vya Eastlands vinaijua Jumamosi kwa harufu yake: viti nje, mapazia yamefungwa fundo, deki imepigwa na kukauka, kisha kidole cha polishi kwenye kitambaa, duara baada ya duara, kutoka pembeni kuja mlangoni. Kung'arisha waliachiwa watoto, waliokaa juu ya kipande cha blanketi kuukuu na kuvutana huku na huko. Jumapili soksi nyeupe zilikwenda kanisani na nyayo za waridi.

Kazi hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko usafi. Kuta, paa na milango vilikuwa mali ya kaunsili, na mpangaji hakuwa na haki ya kuongeza chumba wala kubomoa ukuta. Sakafu ndiyo iliyomkubalia. Katika chumba kimoja cha kulala, kupikia na kupokea wageni, mng'aro chini ya meza ulimwambia mgeni kwamba hapa wanaishi watu wenye utaratibu wao, hata kama kodi ililipwa kwa shida. Anayeifunika leo kwa aibu, akiiona ni alama ya umaskini, anaifunika kazi ya mikono ya mama yake.

Hata hivyo heshima haizibi nyufa. Udongo mweusi wa Eastlands, ambao mafundi huuita bleki kotoni, hufura ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka, na sakafu iliyomwagwa bila kuuondoa au bila kifusi cha kutosha hucheza nao mwaka baada ya mwaka. Hapo rangi ya kopo haisaidii, kwa kuwa ufa hurudi palepale. Zaidi ya hayo, sakafu iliyopigwa polishi miaka mingi imenywa nta, na rangi haishiki juu ya nta. Lazima isuguliwe kwa mafuta ya taa, ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, ikwaruzwe kwa msasa, ndipo ipakwe. Wengi huruka hatua hizo, na kabla ya Krismasi nyingine njia kutoka mlangoni hadi jikoni imebambuka.

Kuna pia swali la muda. Shauri Moyo, Starehe na Makongeni zimo katika orodha ya mitaa iliyotengewa nyumba mpya za mpango wa serikali. Kesi ya Muthurwa, mtaa wa reli, ilifikishwa mahakamani baada ya wapangaji kutakiwa kuhama, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao za makazi zilikiukwa. Mpangaji asiyejua kama nyumba itakuwepo miaka mitano ijayo hataweka taili, ambayo haing'oki nzima. Mkeka huviringishwa na kuondoka naye. Kwa huyo, plastiki yenye picha ya mbao ni uamuzi wa busara kabisa.

Lakini anayebaki, na ambaye sakafu yake haijapasuka, ana njia rahisi zaidi: kuivua mikeka, kuiosha na kuipa polishi. Na kama bado moyo wake uko kwenye kopo la rangi, mafundi wana kipimo kisichogharimu kitu. Jioni hukata kipande cha nailoni cha upana wa sinia, hukilaza juu ya sakafu na kuziba kingo zote nne kwa utepe. Asubuhi hukifunua. Kikiwa kikavu, rangi ina nafasi. Matone yakiwa yameshika chini ya nailoni, basi unyevu wa tambarare bado unapanda kupitia saruji, na rangi yoyote itakayopakwa hapo itasukumwa kutoka chini.