SEVA YA MAFAILI OFISINI: FUNGUA MLANGO WA NDANI, WA BARABARANI UFUNGE

Leo naweka darasa dogo kwa wenye steshenari na ofisi ndogo za huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama na Masumbwe mpaka Katoro na Geita.

Nianze na kisa. Kuna ofisi moja nilikuwa nasaidia kuchapa, kompyuta nne na flashi moja inazunguka. Wachimbaji wawili wakaleta mkataba wa duara lao, wakabadilisha mgawo mara mbili. Toleo la mwisho likabaki kwenye kompyuta ya dirishani, la zamani likawa kwenye flashi. Siku ya kusaini tukaprinti la zamani, watu wakasaini. Ugomvi ulikuja kuibuka mawe yalipokwisha kupita kwenye karasha na dhahabu ikaonekana. Kosa halikuwa la wachimbaji, lilikuwa letu: faili moja linaishi nyumba tatu.

Dawa yake ni seva ya mafaili. Ni kompyuta moja inayotunza mafaili yote, nyingine zinakuja kuchukua na kurudisha hapo hapo. Wala si lazima iwe mashine ya bei mbaya. Kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye hadidiski nzima, inatosha kabisa kwa ofisi ya watu watano.

INAFANYAJE KAZI?

Chukulia gesti. Anwani ya IP ni kiwanja ilipojengwa, poti ni namba ya mlango wa chumba. Milango ni mingi, namba zinafika 65535. Programu ya seva inakaa nyuma ya mlango mmoja ikisikiliza. Kompyuta ya mteja inabisha hodi, seva inaitikia, mteja anathibitisha kwamba amesikia, ndipo mazungumzo yanaanza. Seva inauliza jina na neno la siri, ikiridhika inatoa faili.

Watu huuliza: mlango mmoja, wateja kumi, hawagongani? Hapana. Kila mteja anakuja na anwani yake na poti yake ya muda, kwa hiyo seva inajua jibu lipi ni la nani.

Milango inayohusu mafaili ni hii:

21 ni FTP. Ni ya zamani sana, Abhay Bhushan aliiandika mwaka 1971. Ile ya kawaida inapitisha neno la siri wazi wazi, anayechungulia mtandao analisoma. Achana nayo.

22 ni SSH, ambayo ndani yake kuna SFTP. Kila kitu kinasafiri kimefichwa.

445 ni SMB, lugha ya Windows ya kugawana mafolda. Linux nayo inaiongea kupitia Samba, programu ya bure iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ofisi nyingi zitatumia hii.

KUIWEKA

Unganisha kompyuta zote kwenye swichi kwa kebo. Kebo ya megabiti 100 inapitisha kama megabaiti 12 kwa sekunde, yaani faili la megabaiti 700 linachukua dakika moja hivi. Ipe seva anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10. Kwenye Ubuntu andika:

sudo apt install samba
sudo groupadd ofisi
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G ofisi kaunta1
sudo smbpasswd -a kaunta1
sudo mkdir -p /srv/mikataba
sudo chgrp ofisi /srv/mikataba
sudo chmod 2770 /srv/mikataba

Kisha mwishoni mwa faili la /etc/samba/smb.conf ongeza:

[mikataba]
path = /srv/mikataba
valid users = @ofisi
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770

Washa upya kwa sudo systemctl restart smbd. Ukiandika sudo ss -tln utaona 445 inasikiliza. Kwenye Windows andika \\192.168.1.10\mikataba, weka jina na neno la siri, umeingia. Kila mfanyakazi apewe jina lake. Mkitumia jina moja wote, siku faili likifutwa mtabaki kutazamana.

SASA HATARI YENYEWE

Bosi yuko Mwanza, anataka mafaili. Fundi anaingia kwenye ruta anaelekeza poti 445 kutoka intaneti mpaka kwenye seva. Bosi anafurahi. Ndugu yangu, hapo umetoa mlango wa stoo ukaupachika barabarani.

Machi 2017 Microsoft walitoa marekebisho ya tundu kwenye SMB. Wengi hawakuyaweka. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikaingia kupitia mlango huo huo wa 445, kikafunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Hakikuhitaji mtu abonyeze chochote. Mlango ukiwa wazi na mashine haijarekebishwa, basi.

Kwa hiyo ruhusu watu wa ndani tu:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp
sudo ufw enable

Bosi wa Mwanza mfungulie VPN, au SFTP inayotumia ufunguo badala ya neno la siri. Ujue pia kwamba modemu ya laini ya simu mara nyingi haikupi anwani yako peke yako, kwa hiyo hodi ya kutoka nje haifiki kabisa. Usije ukamlaumu fundi bure.

Tena fikiria kilichomo humo ndani: nakala za vitambulisho vya NIDA, leseni za uchimbaji, mikataba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Steshenari nayo inatunza.

MWISHO, UMEME NA NAKALA

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Weka UPS. Vumbi la huku unalijua, ipulize mashine mara kwa mara. Na kila Ijumaa nakili kila kitu kwenye hadidiski ya nje, kisha ICHOMOE uende nayo nyumbani. Ikibaki imechomekwa, kirusi kikija kitafunga zote mbili.

Wale wachimbaji wawili waliishia kwa mwenyekiti wa kijiji na mkataba mpya. Sisi tulilipa gharama za kuchapa. Ilikuwa bei nafuu, ingeweza kuwa mbaya zaidi.

Ukikwama sehemu tupia swali hapo chini, tutasaidiana.