Umbo la Herufi na Othografia: Chapa Zisizo na Vijimkia na Maandishi ya Kigiryama

Othografia ya lugha za Kibantu inapojadiliwa, mjadala kwa kawaida huishia kwenye uteuzi wa alama: sauti gani iandikwe kwa herufi gani. Umbo la herufi yenyewe huachiwa mpiga chapa, kana kwamba ni pambo tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo haufai, na mfano wake ni Kigiryama, lugha ya Kaloleni na ya sehemu kubwa ya bara la Kilifi.

Lugha za Mijikenda zilianza kuchapishwa mapema. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 kituo cha misheni kikawekwa Rabai, si mbali na Kaloleni. Injili ya Luka katika lugha ya huko ilichapwa Bombay mwaka 1848. W. E. Taylor alitoa msamiati wake wa Kigiryama mwaka 1891, na kamusi ya Florence Deed ikafuata mwaka 1964. Waandishi wa lugha hii wamekabiliwa na jambo moja gumu, nalo ni mpumuo. Mtu huitwa mut'u, na alama ile ndogo ni sehemu ya neno. Kimvita nacho hutenga paa la nyumba na p'aa wa mwituni, kaa la moto na k'aa wa baharini. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja kama ilivyoamuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, hakiandiki tofauti hiyo. Kigiryama huiandika.

Katika miaka ile ile ya 1920, wachora herufi wa Ulaya walikuwa wakishughulikia chapa zisizo na vijimkia, yaani zisizo na vile vikato vidogo vinavyomalizia ncha za mistari ya herufi. Chapa ya kwanza ya namna hiyo kwa herufi za Kirumi ilitolewa London na William Caslon wa Nne mwaka 1816, ikiwa na herufi kubwa peke yake. Kwa muda mrefu ilikuwa ni namna ya matangazo na vichwa vya habari. Mwaka 1916 Edward Johnston alichora herufi za reli ya chini ya ardhi ya London. Paul Renner akatoa Futura mwaka 1927, na Eric Gill akatoa Gill Sans mwaka 1928. Mwaka 1957 zikaja Univers ya Adrian Frutiger na chapa ya Max Miedinger iliyopewa jina la Helvetica mwaka 1960. Sifa zake zafahamika: mistari yenye unene unaokaribiana, ncha zilizokatwa bila pambo, na maumbo yanayoelekea duara na mstari mnyofu.

Usahili huo, hata hivyo, una gharama yake. Katika Gill Sans, herufi kubwa I, herufi ndogo l na tarakimu 1 zote ni mstari mmoja wima. Msomaji mzoefu akikuta Ilikuwa au Ilani mwanzoni mwa sentensi hupita bila kusita, kwa kuwa analijua neno. Anayejifunza kusoma hana msaada huo. Aidha, a ya Helvetica haifanani na ile aandikayo mtoto kwa mkono. Ile ya Futura inafanana nayo, lakini imekaribia mno o, na katika Kiswahili hapa na hapo hutengwa na herufi hiyo moja.

Kwa Kigiryama tatizo ni kubwa zaidi. Alama ya mpumuo ni ndogo, nayo huning'inia baina ya herufi mbili; ikibanwa hupotea, ikiachiwa nafasi hulikata neno. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, katika mapendekezo yake ya mwaka 1930, ilipendelea herufi mpya kuliko alama za juu na chini, kwa hoja kwamba alama husahauliwa na mwandishi. Kompyuta nayo imeleta sura mpya ya tatizo lile lile. Mfumo wa Unicode unatenga alama U+02BC, ambayo ni herufi, na U+2019, ambayo ni kituo cha uandishi. Zinalingana kwa sura. Lakini ikitumiwa ya pili, programu huweza kuligawa mut'u kuwa maneno mawili, mut na u.

Shirika la SIL limetoa chapa isiyo na vijimkia kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na jina lake ni la Kiswahili: Andika. Humo a na g zimefuata mwandiko wa mkono, herufi zinazofanana zimetengwa kwa makusudi, na alama nyingi za lugha zisizo za Ulaya zimechorwa pamoja na herufi nyingine, si kubandikwa baadaye. Hapana shaka kwamba huo ni uamuzi wa kiisimu uliofanywa kwa kalamu ya mchoraji.

Yafaa basi idara zinazofundisha othografia zisiishie kwenye jedwali la sauti. Mtoto wa Kaloleni hasomi fonimu. Husoma wino uliokaa juu ya karatasi. Kamati iliyokubaliana juu ya t' bila kuitazama ikiwa imechapwa imefanya nusu ya kazi yake.